Muulize Shangazi: Mdoli anakwenda ng'ambo

Tangu nilipogusia kabati langu la midoli katika ukurasa huu, barua zimefurika. Mwezi huu nimewaweka kando waume wasiorudi mapema na wakwe wasioridhika (isipokuwa mkwe mmoja, mtamwona huko chini), nikachagua barua za midoli tupu.

Kwa msomaji anayeshangaa: Marekani kuna shirikisho la vilabu vya wakusanyaji wa midoli, United Federation of Doll Clubs, lililoundwa mwaka 1949 na lenye makao Kansas City, jimbo la Missouri. Kila mwaka linafanya mkutano mkuu, na mji hubadilika. Watu wazima, wengi wao bibi wa rika langu, wanahamia hotelini kwa siku kadhaa. Wanauziana, wanasikiliza wajuzi, wanapanga midoli yao mbele ya waamuzi wanaotoa riboni. Wapenzi wa Barbie nao wana mkutano wao, ulioanza 1980. Mimi nimewahi kuongozana na binti yangu anayeishi huko, na nimekaa nyuma ya meza ya kuuzia. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, Bagamoyo. Binamu yangu aliyeko Marekani amenilipia kiingilio na nusu meza ya kuuzia kwenye mkutano wa midoli kiangazi kijacho. Nina Barbie kumi na mbili nilizorithi kwa marehemu mama mdogo, aliyekuwa yaya kwa Wazungu wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Pia nashona nguo za midoli za kanga na kitenge. Barbie nyingi mgongoni zimeandikwa 1966. Mbili zina masikio ya kijani, moja miguu inanata. Nimeambiwa dawa ya chunusi inatoa madoa yote. Nizisafishe ziwe kama mpya? Nibebe zote? Nguo nishone ngapi, na nifungashe vipi?
Fundi wa Magomeni

Marahaba, mwanangu, na hongera. Tuanze na hiyo 1966, maana imewaponza wengi. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la kiwiliwili. Kiwanda kiliendelea kuugonga kwenye migongo ya midoli kwa miaka mingi baadaye. Barbie iliyotengenezwa binti yako akiwa darasa la pili inaweza kuwa na 1966 mgongoni. Tazama badala yake jina la nchi. Za mwanzo kabisa zilitengenezwa Japani na zimeandikwa hivyo. Ikisomeka Malaysia, China au Indonesia, hiyo ni ya miaka ya karibuni zaidi. Kisha geuza nyayo. Barbie ilitoka kwa mara ya kwanza Machi 1959 kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea New York, ikauzwa dola 3, na toleo lile la kwanza lilikuwa na tundu katika kila unyayo, lenye kibomba cha chuma ndani, ili mdoli uchomekwe kwenye kisimamio chake. Ukikuta matundu hayo, acha kila kitu, ufungie mlango, unipigie simu.

Masikio ya kijani yana sababu yake. Kipini cha hereni kina shaba ndani. Plastiki ile imechanganywa na mafuta ya kuilainisha, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu, shaba inapata kutu ya kijani, kutu inazama ndani ya plastiki na kusambaa shavuni. Hereni ikiendelea kukaa pale, doa linaendelea kutembea. Kwa hiyo itoe leo. Usiivute kwa nguvu. Chovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, ukibane sikioni mpaka plastiki ilegee, ndipo uichomoe taratibu huku ukiizungusha. Hereni zenyewe usizitupe hata kama zimeoza. Zitie kwenye kifuko cha karatasi, andika ni za mdoli gani, ukifunge mkononi mwake kwa uzi mweupe.

Dawa ya chunusi sasa. Ni kweli inafanya kazi, ile yenye benzoyl peroxide, ukiipaka na kuweka mdoli mwangani. Lakini haichagui. Inatoa kijani, na rangi ya ngozi iliyo pembeni nayo inaondoka, unabaki na duara jeupe kuzunguka sikio. Mnunuzi aliyezoea anaweka kioo cha kukuzia machoni, anaona lile duara, anaurudisha mdoli mezani bila kusema neno. Doa la kijani lililoandikwa waziwazi kwenye kadi ya bei, "masikio yana kijani, hayajatibiwa", linapunguza bei. Duara jeupe lililofichwa linaondoa imani, na meza nzima inaanza kutiliwa shaka. Mimi nasema uache.

Mguu unaonata ni yale mafuta yanatoka nje. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo, kausha, na ujue yatarudi. Andika hilo pia. Usiufunge kwenye nailoni, maana utakuta nailoni imeshikana na paja.

Zaidi ya hapo ni vumbi tu: brashi laini ya kujipodolea, mpya, isiyo na poda. Nywele zikiwa bado na mtindo wa kiwandani usizichane wala kuziosha. Najua mikono ya fundi inawasha ikiona kitu kimekaa ovyo. Izuie.

Sasa nguo, maana hapo ndipo utakapowapita wote ukumbini.

Barbie ina kimo cha sentimita 29 hivi, karibu moja ya sita ya mwanamke. Kanga yetu ni kama sentimita 150 kwa 110. Gawa kwa sita, unapata 25 kwa 18. Hicho ndicho kipimo cha kanga ya mdoli. Tatizo ni kwamba mafundi wengi wanakata kipande kwenye kanga ya dukani na kumfunga mdoli, korosho moja inamfunika kifua kizima kama bango la uchaguzi. Pindo halipo, mji umekatika, jina limebaki herufi nne. Hiyo hata bibi wa Missouri asiyejua Pwani iko wapi anaona kuna kitu hakijakaa sawa.

Fanya hivi. Tafuta bafta nyepesi, nyembamba kuliko unayotumia kwa magauni ya watoto. Mpelekee mtu anayechapa fulana akutengenezee fremu ndogo: pindo la sentimita mbili, mji katikati, na jina la herufi za milimita tatu. Linasomeka, nimejaribu. Ukingo pinda kwa mkono na sindano nyembamba. Ukipiga pindo la cherehani la kukunja mara mbili, kanga inakuwa nzito pembeni na itasimama kiunoni kama ukuta badala ya kulala. Na uuze kwa doti, kama tunavyouziwa sisi: moja kiunoni, moja mabegani au kichwani. Weka kikadi chenye maana ya jina. Wanapenda sana kujua mdoli anamsema nani.

Tengeneza bibi harusi mmoja mwenye kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Huyo asimame juu ya meza na asiuzwe mpaka siku ya mwisho, kazi yake ni kuwaita watu. Lakini nyekundu hiyo ndiyo hatari. Rangi ikichuja kwenye plastiki haitoki maisha. Loweka kitambaa, fua mpaka maji yatoke meupe, kisha kibane kikiwa kibichi kwenye kitambaa cheupe chini ya pasi. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Hata hapo, safari nzima mdoli asafiri na shimizi nyeupe, kisutu kwenye bahasha yake, wakutane Marekani.

Usiandike jina la Barbie kwenye kibao cha nguo zako, ni jina la watu lenye mwenyewe. Andika "nguo za mdoli wa sentimita 29". Na kuhusu idadi, doti thelathini zilizonyooka zinatosha nusu meza. Midoli, chagua minne au mitano iliyo bora, iliyobaki ipige picha na uibebe kwenye simu. Mwenye nia atauliza.

Kufungasha: gazeti hapana, wino wake unahamia usoni. Nailoni yenye mapovu isiguse plastiki, inaacha alama. Zungushia bafta iliyofuliwa bila rangi, tia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na midoli yote ipande nawe juu, kwenye mkoba wa mkononi. Nguo ndizo ziende chini kwenye begi.

La mwisho, waulize mapema ubalozini kama viza yako inakuruhusu kuuza. Kuhudhuria mkutano ni jambo moja, kukaa nyuma ya meza ukipokea dola ni jingine. Ikibidi binamu yako akae kwenye kiti na wewe usimame pembeni ukieleza ushonaji, mkae hivyo.

*

Bi Shangazi, salaam. Mimi ni bwana shamba mstaafu, Kaole. Nyumbani tuna mdoli wa kizungu wa kichwa cha kaure, macho yanafumba ukiulaza, tuliopewa na babu. Nyuma ya kichwa kuna maneno Armand Marseille, Germany, na namba 390. Babu alisema uliletwa Bagamoyo na Wajerumani mwaka 1888. Mdogo wangu amesoma mahali kwamba midoli ya Kijerumani inauzwa bei ya nyumba. Nataka kumpa mtu anayekwenda huko auze, lakini kwanza nimpeleke kwa fundi rangi azibe nyufa na kupaka midomo upya. Unasemaje?
Mzee wa Kaole

Salaam, kaka yangu. Fundi rangi mwambie asubiri, ikiwezekana asubiri milele.

Babu simkatalii kwamba mdoli ulikuja na Wajerumani. Mwaka ndio una tatizo. Neno Germany lilianza kugongwa kwenye bidhaa kwa wingi baada ya Marekani kupitisha sheria ya ushuru ya 1890, iliyotaka kila kitu kinachoingia kule kionyeshe nchi kilikotoka. Viwanda vya Ujerumani viliuza sana Marekani, vikafuata. Na namba 390 ya Armand Marseille ni ya kuanzia karibu 1900 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Kumbuka pia Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka hapa kwetu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Kwa hiyo mdoli wako huenda ulifika wakati Bagamoyo imeshaachwa kuwa mji mkuu, labda na familia ya mmisionari au mwenye shamba. Hadithi hiyo haina ubaya wowote. Kinachodhuru ni kuandika 1888 kwenye kadi: mjuzi akigeuza kichwa na kusoma namba, ataacha kuamini na mengine yote uliyoandika, hata yale ya kweli.

Bei ya nyumba, hapana. Armand Marseille alikuwa na kiwanda Köppelsdorf, katika eneo la Thuringia, na 390 ndiyo sura aliyoitoa kwa wingi kupita zote. Kwenye mikutano utaiona meza baada ya meza. Midoli ya bei ya kutisha ni mingine, ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa kama Jumeau na Bru, na hata hiyo iwe salama.

Nyufa zako zichunguze hivi. Usiku, zima taa. Toa wigi taratibu ikiwa gundi imeshaachia. Ikiwa imeshika, acha. Ingiza tochi ndogo ndani ya kichwa. Kaure inapitisha mwanga, na ufa hata wa unywele utaonekana kama mstari mweusi. Uchore kwenye karatasi ulivyo, kutoka jicho hadi sikio au popote ulipo, na karatasi hiyo isafiri na mdoli. Midomo iliyopauka ndiyo midomo yake halisi, iliyopakwa na kuchomwa kwenye tanuri. Rangi ya fundi wetu itakaa juu tu.

Kiwiliwili kama ni cha unga wa mbao na gundi, maji yasiguse kabisa, utauona mkono unamenyuka vidoleni. Wakati wa kufungasha ulaze kifudifudi. Nyuma ya macho yale kuna kipande cha risasi kinachoyafumba na kuyafumbua, na ukiulaza chali kwenye ndege inayotikisika, kizito hicho kinagonga kichwa kwa ndani. Pamba kidogo kuzunguka kichwa, uso chini, basi.

Ningekuwa wewe nisingeuuza. Lakini mdoli ni wako.

*

Shangazi, mama mkwe anakaa nasi tangu Mfungo Mosi. Nina midoli minane kabatini ninayoitayarisha kwa maonyesho. Anasema midoli yenye macho inaita majini, usiku anaigeuza yote itazame ukutani, na juzi ameifukizia ubani mpaka nguo zao zimekuwa na rangi ya chai. Nifanyeje bila kugombana?
Mkwe wa Dunda

Pole, lakini usimshutumu mama. Mtu aliyekulia Pwani akiamka saa nane usiku na kukuta macho kumi na sita ya vioo yanamtazama, ana haki ya kushtuka. Na anavyoigeuza ukutani anaikinga na mwanga, jambo ambalo ningekuagiza ulifanye mwenyewe.

Ubani ndio uzuie, kwa adabu. Moshi una mafuta, yanakaa kwenye pamba na hariri na hayatoki bila kufua, na nguo ya zamani ukiifua imekwisha. Hamisha kabati kwenye chumba chako, lishushie pazia jeusi, na ubani umwachie sebule nzima. Hoja ya dini mpeleke kwa shekhe anayemwamini yeye, wala usimtafutie shekhe wako. Na umshonee mdoli mmoja baibui. Jirani yangu alifanya hivyo, sasa mkwe wake ndiye anayepangusa vumbi.

*

Shangazi, shikamoo. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mama ana mdoli wa mtoto mchanga mweusi, nywele za kipilipili, shingoni umeandikwa Shindana Toys, 1968. Mama anasema alipewa mwaka 1974 Dar es Salaam na dada mmoja Mmarekani mweusi aliyekuja kwenye mkutano wa Pan-Afrika; mama alikuwa anahudumia chai pale Chuo Kikuu. Kaka yangu anasema ni wa Kenya kwa sababu ya jina, hauna thamani, tumpe mtoto achezee. Mimi nimealikwa kwenye mkutano wa midoli Marekani kama mgeni tu, sina meza. Niubebe au niuache?
Binti wa Ngamiani

Marahaba. Mnyang'anye kaka yako huo mdoli kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Shindana ilikuwa kampuni ya Los Angeles, Marekani. Mwaka 1965 mtaa wa Watts wa mji huo ulilipuka kwa ghasia, watu weusi wamechoshwa na polisi na umaskini. Baada yake kukaanzishwa jumuiya ya kujitegemea, Operation Bootstrap, na mwaka 1968 ikafungua kiwanda cha midoli, kikisaidiwa mtaji na Mattel, wale wale wenye Barbie. Wakati ule midoli mingi myeusi ilikuwa sura ya Mzungu iliyomiminiwa plastiki ya kahawia. Hawa wakachonga pua, midomo na mashavu ya mtoto mweusi tangu mwanzo. Mdoli wao wa kwanza, wa 1968, uliitwa Baby Nancy. Baadaye wakaja akina Malaika, Tamu na Zuri. Naam, majina hayo hayo ya kwetu, mabinti wa Los Angeles wakiyaita nyumbani kwao wakati sisi tuko kwenye Azimio la Arusha. Kiwanda kilifungwa 1983. Mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa kwenye jumba la heshima la vitu vya kuchezea la Marekani, kule Rochester, New York.

Mwaka wa shingoni ni wa umbo, kama nilivyomweleza fundi hapo juu, kwa hiyo usitangaze kwamba wako ni wa 1968 hasa. Sema "umbo la 1968".

Na hadithi ya mama inashika. Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Juni 1974, na Wamarekani weusi walikuja kwa wingi. Mdoli wa Shindana unaopatikana Marekani ni mmoja kati ya mingi. Mdoli wa Shindana uliovuka bahari kwenye begi la mjumbe, ukapewa mhudumu wa chai, ukakaa Ngamiani miaka yote hii, wa namna hiyo mimi sijaukuta kwenye meza ya mtu.

Kwa hiyo kazi yako kubwa kabla ya safari ni kukaa na mama. Washa kinasa sauti cha simu, muache aseme kwa mpangilio wake mwenyewe, usimkatize kumrekebisha tarehe. Yule dada alikuwa wa mji gani? Jina lake la kwanza? Walizungumza kwa lugha gani? Mdoli ulikuwa na nguo gani siku hiyo? Mpige picha ameushika, mwangaza wa dirishani, shingo yenye maandishi ionekane kwenye picha moja. Ukiwa na barua, kadi au beji ya mkutano ule, hata iliyoliwa na mende, iweke kwenye bahasha ya karatasi pamoja.

Kisha muulize kama anaruhusu mdoli usafiri. Akisema hapana, beba picha na sauti yake. Kwenye mikutano ile kuna mihadhara na meza za mazungumzo, na watu watakusikiliza kuliko wenye midoli hamsini. Akisema ndiyo, ubebe, uuonyeshe, na urudi nao. Mtu atakupa bei ukiwa mle ukumbini. Mwambie utaongea na mama kwanza. Mwenye nia ya kweli atakupa anwani yake.

Nywele usizitie mafuta, najua mikono ya Tanga na mafuta ya nazi.

*

Shangazi, mimi ni kijana wa Msata, nafanya kazi Bagamoyo mjini. Sisi ni Wakwere. Bibi amefariki, na katika vitu vyake nimeona mwana hiti, kile kimdoli cha mti ambacho wali walikuwa wanapewa wakiwa ndani. Ni cheusi kwa mafuta, kina kipande cha ushanga shingoni. Nimesikia wakusanyaji Ulaya na Marekani wanavitafuta. Kuna mama anakwenda kwenye huo mkutano. Nimpe auze?
Kijana wa Msata

Usimpe.

Nakueleza sababu, maana umeuliza kwa heshima. Ni kweli wanavitafuta. Wazaramo, Wakwere na Wadoe walivichonga vizuri: kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, kitovu, matiti madogo, na kichwani nywele zilizogawanyika shungi mbili. Viko kwenye makabati ya vioo ya makumbusho za Ulaya, vingi bila jina la kijiji wala la mwanamke aliyekitunza. Weusi ule unaouona umetoka kwenye mikono. Mwali alikiogesha, akakipaka mafuta, akakilea kama mtoto siku zote alizokaa ndani, na mara nyingi kilipita kwa wali wengine wa ukoo huo huo. Kwenu ukoo unafuata upande wa mama. Kwa hiyo hata kama kimeangukia mikononi mwako, wenye neno ni mama zako wadogo na dada zako. Umewauliza?

Halafu kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu vitu vya kale na vya kimila kutoka nchini bila kibali. Huyo mama akikutwa nacho uwanja wa ndege, ndiye atakayelala hapo, na wewe uko Msata. Wapo maofisa wa Mambo ya Kale hapa Bagamoyo, nenda ukawaonyeshe picha, watakueleza. Hawatakula.

Mkikubaliana nyumbani kukitunza, kitoeni kwenye sanduku la bati. Kivikeni bafta, kikae juu ya kabati panapopita hewa. Msikioshe, msikipake mafuta mapya, na ushanga ule usiuchezee, uzi wake umeshaoza. Ukiona unga mwembamba wa mbao chini yake, ni dumuzi: kifungeni kwenye mifuko miwili ya plastiki, mkitie kwenye friza yenye baridi kali wiki mbili, mkitoe na mkiache kwenye mifuko mpaka kirudi joto la kawaida ndipo mfungue.

Na ikiwa huyo mama anataka kuwaonyesha Wamarekani mwana hiti, achongeshe kipya. Wachongaji tunao, yuko mmoja si mbali na Ngome Kongwe anayejua shungi zile kwa kipimo chake. Achonge kwa mti mkavu uliokaa, bila ganda, bila mbegu wala ngozi wala kipande cha ng'amba, maana forodha ya kule itavishika. Chini ya kitako aandike jina lake na mwaka kwa wino usiofutika, tena mbele yako, asije mjanja mmoja akakipaka masizi na kukiuza kama cha bibi yako.